Kahawia Huisha Kwanza

Kwenye usaili waliniuliza kwa nini tiba ya sanaa.
Nilijibu kwa Kiingereza kilichopigwa pasi:
nikataja ubongo, nikataja kiwewe, nikataja tafiti tatu.
Sikutaja shule ya Barka, darasa la nne,
siku mwalimu aliposema kila mtu achore bibi yake
na wangu nikamchora mweupe kama chaki.
Nilimpelekea. Akaitazama sana ile karatasi.
"Huyu nani?" akauliza. "Mbona kavaa nguo zangu?"

Sasa nina miaka ishirini na saba na kadi shingoni:
Ruweida, mwanafunzi.
Jumapili na Jumanne nashuka basi Al Khoud,
navuka maegesho yanayounguza hadi soli,
nafungua chumba kilichokuwa stoo ya viti vya magurudumu.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni.
Meza moja, gundi, boksi la krayoni kumi na mbili.

Ami Saif hachoki kunicheka:
"Dawa ya kupaka naijua.
Hii ya kupaka karatasi, ndiyo kwanza naisikia."
Nami hucheka naye.
Usiku, nikiandika ripoti, sicheki.

Bi Thuweba alikuwa na miezi minne hajasema.
Faili liliandika: lugha, Kiarabu.
Walimuuliza kwa Kiarabu, akanyamaza kwa Kiarabu.
Mimi nilimwekea udongo, nikaketi.
Wiki ya tatu droo ikanibana kidole
nikaropoka, "Uwi, mama yangu!"
Akainua kichwa.
"Pole. Kitie maji."

Maneno matatu.
Kwetu Kiarabu kilikaa sebuleni na wageni,
Kiswahili jikoni, na moshi na siri,
na mimi nilikua nikidhani
kinachokaa jikoni hakitibu mtu.

Daktari Intisar, msimamizi wangu, alisahihisha faili kwa wino mwekundu,
akaandika pembeni: Na wengine je?
Tukazunguka wodi na daftari.
Kibaluchi. Kijibali. Kimalayalam. Kiurdu. Kiswahili, tena Kiswahili.
Fomu yetu ina kisanduku kimoja.

Ikaja Siku ya Utofauti.
Kamati ikaniomba viganja vya rangi mbalimbali, vimeshikana.
Nikachora. Naungama: nilichora upesi, na vilipendeza.
Vikabandikwa kwenye lifti
anayoisugua Biju kila alfajiri,
Biju ambaye hakualikwa siku ile,
ila bango alilipangusa vizuri, hadi kwenye pembe.

Nilimwita saa yake ya mapumziko.
Alikaa ukingoni mwa kiti,
akauliza kwa Kiarabu cha vipande, karatasi bei gani.
Nikamwambia bure. Hakuniamini, akachora kidogo kidogo:
kitanda cha juu, kitanda cha chini,
cha juu, cha chini,
na kimoja akakipaka kahawia chote,
akikandamiza mpaka krayoni ikakatika.
Sikumuuliza ni cha nani.
Tumefundishwa kusubiri; siku ile kusubiri kulinielemea
kama gunia la mtu mwingine.
Muda ulipokwisha alisimama, akafuta meza,
mkono ulishazoea,
karatasi akaniachia.
"Weka wewe. Kwangu sina ukuta."

Jioni nikapitia duka la vifaa vya shule, Mabela.
"Kahawia tu?" muuzaji akashangaa.
"Boksi zima lina rangi kumi na mbili."
"Kahawia tu. Kwangu huisha kwanza."
Akaingia ndani, akatoka na kopo la krayoni zilizopotelewa na maboksi yao,
akazimwaga kaunta, tukachagua pamoja:
ya tende, ya mdalasini, ya mkate uliokaa jikoni sana,
moja isiyo na jina, karatasi yake imechunika.

Nilizijaribu nyuma ya risiti, mstari mmoja mmoja.
Ile isiyo na jina ilikaribia.
Si hasa, bibi alikuwa na wekundu kidogo mashavuni,
lakini ilikaribia.
Nikamwomba muuzaji risiti nyingine.